Ukuta wa Nyumba ya Mungu na Mwenye Ufunguo



Wiki hii naandika juu ya jambo ambalo limezua maneno mengi hapa kwetu Tiwi, mengine kwenye mkutano na mengine kando kando baada ya ibada. Jambo lenyewe ni ukuta. Tangu kinanda na spika mbili ziibiwe, kuna ndugu wanaosema tung'oe ule mchongoma, tujenge ukuta wa mawe kuzunguka uwanja wote na tuweke geti la chuma. Wengine wanasema ukuta ni kukosa imani, ati kanisa lenye Roho Mtakatifu halina haja ya vipande vya chupa juu ya mawe. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Je, Mungu wetu amekuwa mali ya kuibiwa?" Watu wakaitikia amina. Ndugu mwingine akasimama: "Mungu haibiwi, lakini spika zimeibiwa." Hao hao wakaitikia amina tena. Sasa tufuate amina ipi?

Mimi naona tumeanza swali katikati. Kabla ya kuuliza bei ya mawe na saruji, tuulize ukuta unaozunguka nyumba ya ibada unamlinda nani, na unamlinda na nani. Sisi si watu wa kwanza kuuliza hivyo, hata hapa pwani.

Ukipita Diani ukiendelea kama mtu anayekwenda Gazi, utafika Kaya Kinondo. Kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda vilivyofichwa ndani ya msitu, vikazungushiwa boma la magogo, na mtu aliingia kwa kupitia lango. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kinondo ni mmoja wao. Sisi tuliookoka hatuendi kule kutambika, msimamo wetu mnaujua na sina haja ya kuurudia. Lakini macho tunayo. Mgeni akiingia leo hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, na haruhusiwi kutoka na kitu chochote cha msitu. Yale magogo ya boma yalishaoza zamani. Msitu ungalipo, na pembeni yake viwanja vimeuzwa na mahoteli yamepanda. Kilichouhifadhi ni kwamba watu waliamini kuna mahali ambapo mkono hautakiwi kufika. Ukuta huo ulikuwa moyoni mwa majirani. Huo ndio mgumu kuujenga, na haujengwi kwa mchango wa siku moja.

Kwa upande wa mawe, nendeni Gede, karibu na Watamu. Ni mji wa kale wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuna kaburi pale lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Mji ule una kuta mbili. Ukuta wa nje ulikuwa na kimo cha futi tisa hivi na ulizunguka kama eka 45. Ukuta wa ndani ulizunguka jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za mawe za wenye mali. Watu wa nyumba za udongo na makuti walikaa nje ya ule wa ndani. Udongo hauachi magofu kama mawe, kwa hiyo mgeni wa leo anapiga picha za wenye mali tu.

Nikitembea pale huwa nawawazia hao wa udongo. Maadui wakija usiku, mtu wa nje alikimbilia wapi? Lango la ndani lilifunguliwa, au walinzi walisema subiri kwanza mpaka kuche? Misikiti mingine ilikuwako nje ya ukuta wa ndani, hivyo kusali wangeweza kusali. Lakini kusali ni jambo moja na kuokolewa roho yako saa nane ya usiku ni jambo lingine. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gede ilikuwa imeachwa. Wataalamu wanataja mashambulizi, wanataja visima kukauka. Kuta zilibaki, watu wakaondoka.

Sasa twende mbali kidogo, maana kuna kisa kimoja cha kanisa ambacho nataka tukae nacho.

Huko Uingereza, katika karne za kati, makanisa makuu mengi yalijengewa ukuta uliozunguka eneo lote: kanisa lenyewe, makaburi, nyumba za makasisi na watumishi wao. Lincoln walipewa ruhusa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1285, Lichfield mwaka 1299, Salisbury mwaka 1327. Malango ya Salisbury hufungwa usiku mpaka leo. Ruhusa ya mfalme ilitakiwa kwa sababu ukuta wa namna ile ni kitu cha vita, na mfalme hakutaka kila mtu awe na ngome yake. Sababu zilizotolewa zingeeleweka hata kwa kamati yetu: watu wabaya wanapita usiku katika uwanja wa kanisa, watumishi wa Mungu wanaogopa kwenda ibada ya alfajiri.

Kisa chenyewe ni cha Exeter. Mwezi wa Novemba 1283, kasisi aliyeitwa Walter Lechlade alikuwa anatoka ibada ya usiku kurudi nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka kanisani. Kazi yake ilikuwa kuongoza uimbaji wa kanisa kuu. Sisi tungemwita kiongozi wa sifa. Watu wakamvamia gizani wakamuua. Wauaji wakatoroka kupitia lango la kusini la mji, ambalo usiku ule lilikutwa wazi.

Kesi ilikawia. Krismasi ya 1285 mfalme mwenyewe alikuwa Exeter, na shauri likasikilizwa mbele yake. Alfred Duport, ambaye alikuwa meya wa mji usiku ule wa mauaji, akanyongwa. Mlinzi wa lango akanyongwa pia, kwa sababu lango halikufungwa. Na katika washtakiwa alikuwamo John Pycot, mkuu wa makasisi wa kanisa hilo hilo, mtu aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na askofu wake kuhusu cheo. Marehemu alikuwa upande wa askofu. Pycot alijitetea kwamba yeye ni mtu wa kanisa na ahukumiwe na kanisa, na mwisho wake ukawa katika nyumba ya watawa. Hakunyongwa.

Mwaka uliofuata, 1286, ruhusa ikatoka: eneo la kanisa kuu la Exeter lizungushiwe ukuta, na malango yafungwe usiku.

Hebu lisome jambo hilo polepole, mpendwa. Kiongozi wa sifa ameuawa ndani ya uwanja wa kanisa. Anayeshukiwa ni kiongozi mwenzake wa kanisa, pamoja na meya wa mji. Dawa iliyopatikana ni ukuta wa kuzuia watu wa nje! Sisemi ukuta ule haukuwa na kazi. Wezi walikuwepo, na watu wa usiku walikuwepo. Nasema tu kwamba mtu aliyelala akijiona salama kwa sababu ya ukuta wa Exeter hakuwa amesoma vizuri habari za kifo cha Walter. Waliokuwa na funguo ndio walioshtakiwa.

Na Biblia ilikuwa imekwisha kutuonya. Tunapohubiri Nehemia tunapenda sura za mwanzo, mwiko mkono mmoja na upanga mkono wa pili, na ukuta ukamalizika kwa siku 52. Tobia Mwamoni aliwacheka wajenzi, akasema hata mbweha akiupanda ukuta wao utabomoka. Haya, fungua sura ya 13. Nehemia amerudi kwa mfalme kule Uajemi, kisha anakuja tena Yerusalemu. Anamkuta nani ndani ya nyua za nyumba ya Mungu? Tobia. Tena amepewa chumba kikubwa, kile kilichokuwa kikiwekwa sadaka za unga, ubani, vyombo na zaka za Walawi. Aliyempa ni Eliashibu kuhani, kwa sababu walikuwa na uhusiano. Ukuta ulikuwa mzima kabisa. Tobia hakuupanda, alipita langoni, na pengine alipokewa mizigo. Walawi kwa upande wao walikuwa wamerudi mashambani kwao kwa sababu posho zao hazikutolewa.

Kwa hiyo nikisikia ndugu anasema tukijenga ukuta kanisa litakuwa salama, namuuliza kwa upendo: salama na nani? Kinanda kiliibiwa bila mlango kuvunjwa. Hilo kila mtu analijua, ila hatulisemi kwa sauti. Simshuki mtu kwa jina na wala sitaki gazeti hili liwe mahakama. Nasema kwamba mawe hayatajibu swali ambalo ni la funguo.

Na kabla hatujatoka kwa Nehemia, kuna sura ya 5. Katikati ya ujenzi, maskini wanalia. Wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, watoto wao wanachukuliwa utumwani, na wanaowadai ni ndugu zao. Nehemia hasemi tumalize ukuta kwanza ndipo tushughulikie hayo. Anaita kusanyiko pale pale, ukuta haujaisha, na mashamba yanarudishwa. Naomba kamati ya ujenzi iisome sura hiyo kabla ya kutangaza kiwango cha chini cha mchango kwa kila nyumba. Kuna nyumba humu zinazoishi kwa samaki, na kusi ikivuma hakuna anayetoka baharini na kitu cha maana.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Ndugu wanaotaka ukuta hawajaota. Machi 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, hapo tu kwenye barabara yetu ya kwenda feri, wakawapiga waumini risasi wakiwa katika ibada. Wengine wakafa, akiwemo mama aliyekuwa na mtoto wake mchanga, na mtoto akabaki na risasi kichwani mpaka madaktari walipoitoa. Mtu aliyekaa kanisani Jumapili iliyofuata akitazama mlango badala ya mhubiri, usimwambie hana imani. Mchungaji ni mtu wa kulinda kondoo, na zizi lina ukuta na mlango. Bwana Yesu mwenyewe alitumia mfano huo katika Yohana 10, na hakusema zizi libomolewe.

Na kwa mzee wetu wa "Mungu ni mali ya kuibiwa?" nina neno. Andiko lake najua ni Zekaria 2, yule kijana aliyekwenda na kamba kupima Yerusalemu, akaambiwa mji utakaliwa bila kuta na Bwana atakuwa ukuta wa moto kuuzunguka. Ni ahadi, na naiamini. Ila tazama miaka. Zekaria alitabiri karibu mwaka 520 kabla ya Kristo. Nehemia akajenga ukuta wa mawe wa mji huo huo mwaka 445, kama miaka 75 baadaye, na mkono wa Mungu ule ule ulikuwa pamoja naye. Moto wa Zekaria haukuyakataza mawe ya Nehemia. Ndiyo maana zile amina mbili hazikunikera.

Kitu kinachonikosesha usingizi mimi ni kingine. Likoni hiyo hiyo, Agosti 1997, wakati wa yale machafuko, watu walipovamiwa na kuambiwa warudi kwao bara, wengi walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Walilala uwanjani na watoto na magodoro yao. Siku zile hakuna aliyeuliza kama wewe ni Mkatoliki. Ukuta wa kanisa ulionekana una maana kwa sababu kulikuwa na njia ya kuingia. Fikiria kama wangekuta geti la chuma limefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo amelala zake Mombasa.

Torati inalijua jambo hili. Hesabu 35 inaweka miji ya makimbilio, na Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza njia za kwenda huko zitengenezwe, ili aliyekimbia asishikwe njiani. Mungu alifikiria mpaka barabara! Hekalu nalo lilikuwa na kizuizi cha mawe chenye maandishi ya Kigiriki, kikimwonya mtu wa mataifa kwamba akivuka atajiletea kifo mwenyewe. Jiwe moja la maandishi hayo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, na sasa liko Istanbul. Ndiyo maana katika Matendo 21 Paulo alikaribia kuuawa, walipodhani amemwingiza Trofimo Mwefeso. Paulo huyo huyo akawaandikia Waefeso kwamba Kristo amekibomoa kiambaza kilichotutenga. Wasomaji wake walikuwa watu wa mji wa Trofimo, nafikiri walielewa upesi.

Sasa niwaambie kitu ambacho wengi hamkijui. Kuna mama, simtaji wala simwonyeshi, ambaye usiku mmoja mwaka huu alitoka nyumbani kwake na watoto wawili, kwa sababu ya mambo ambayo watu wazima mnayaelewa. Saa saba za usiku huendi kwa balozi wa nyumba kumi. Huendi kwa mama mkwe. Alipenya pale kwenye pengo la mchongoma, upande wa kisima, akalala kwenye mikeka ya shule ya Jumapili chini ya ule ukumbi wa makuti. Asubuhi mzee wa zamu alimkuta, akamwita mkewe, wakampa chai. Hatukutangaza. Yeye si mshirika wetu, wala si Mkristo. Aliniambia aliingia kwa sababu alijua hapa hapafungwi.

Pengo hilo hilo ndilo mwizi wa spika alipitia, kama kweli alitoka nje. Hapo ndipo swali lina uchungu, ndugu zangu. Njia moja imepitisha mwizi na imepitisha mtu aliyekuwa anatafuta uhai. Ukiziba, umewazibia wote wawili. Ukiacha wazi, umewaachia wote wawili. Kuna anayeniambia, mchungaji, huyo mama ni mmoja, na wezi watakuja tena. Hesabu hiyo naielewa, ila siwezi kuifanya. Spika zina bei, tutachanga tena. Wale watoto wawili sijui bei yao.

Tena tazameni Tiwi yetu ilivyo sasa. Ukitaka kushuka baharini unatembea kati ya kuta mbili ndefu, ya huyu na ya yule, na juu seng'enge. Njia ambazo wazee wetu walipita na madema yao ya kuvulia zimekuwa vichochoro, nyingine zimezibwa kabisa. Mtoto anayekua hapa anajifunza mapema kwamba penye ukuta hapamhusu. Nasi tunataka kuongeza wetu. Jirani akiuona atausoma kama anavyosoma zile nyingine, hata tukiuandika Yesu Anakupenda kwa rangi nyekundu kutoka mwisho mpaka mwisho.

Basi mimi nimeshauri hivi, na wazee wameniruhusu niandike. Ukuta ujengwe, wa kimo cha mtu, bila chupa juu. Geti kubwa lifungwe usiku. Vyombo vikae chumba chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na daftari la nani alifungua lini liwekwe wazi, likianza na jina langu. Upande wa kisima uachwe mlango mdogo usio na kufuli kwa nje, na pale pawe na mlinzi wa usiku ambaye kazi yake ya kwanza ni kupokea, ya pili ni kufukuza. Mzee mmoja ameuliza mlinzi huyo atajuaje nani mwizi na nani mkimbizi gizani. Sikuwa na jibu zuri. Nimesema aulize jina, awashe taa, na kama hana hakika amkalishe kwenye mkeka na kumwamsha mke wangu. Mke wangu amekubali. Amesema tu aamshwe kabla yangu, maana mimi nitaanza kuuliza maswali.

Kilichobaki ni mshahara wa mlinzi, na hapo kamati haijakubaliana. Fundi yeye anasubiri tumwonyeshe mlango mdogo unakaa wapi hasa, kwa sababu ataanza kuchimba msingi upande huo wa kisima Jumatano asubuhi, mvua ikiruhusu. Wenye majembe na nafasi, tukutane saa moja.